Nani anamlipa jasusi wa karatasi? Musiba, Mtobwa na kisa kinachoisubiri Lubumbashi

LUBUMBASHI. Mtu anayekaa Hewa Bora na kutamani kuandika riwaya ya kijasusi kwa Kiswahili hana tatizo la kisa. Jiji lake lina visa vya kuwatosha waandishi kumi.

Januari 17, 1961, ndege ilitua katika uwanja wa Luano, wakati jiji lingali likiitwa Elisabethville. Ndani yake walikuwamo wafungwa watatu: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huo huo walipigwa risasi porini nje ya jiji, mbele ya viongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na maofisa wa Kibelgiji. Serikali ya Moïse Tshombe ilikaa karibu mwezi mzima, kisha Februari 13 ikatangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Kufikia siku hiyo maiti zilikuwa zimekwisha kufukuliwa, kukatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Jino moja la Lumumba lilibaki mikononi mwa polisi wa Kibelgiji aliyefanya kazi hiyo, na familia haikukabidhiwa hadi Juni 2022.

Mwandishi angebuni kisa kama hiki, mhariri angemwambia ametia chumvi kupita kiasi.

Na hicho ni kimoja tu. Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walituma majasusi Kongo kuhakikisha madini hayo hayawafikii Wajerumani. Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka tu, akiwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe. Hadi leo Umoja wa Mataifa haujalifunga faili hilo.

Tatizo la mwandishi wa Hewa Bora ni jingine kabisa. Nani atamlipia mwaka mzima wa kukaa mezani? Kitabu kikiisha, nani atakichapa, na nani atakibeba hadi mkononi mwa msomaji?

Katika Kiswahili, maswali hayo yalijibiwa kwa vitendo na Watanzania wawili ambao wote wamekwisha kufariki: Aristablus Elvis Musiba, aliyemwumba jasusi Willy Gamba, na Ben Mtobwa, aliyemwumba Joram Kiango. Majibu yao hayafanani, na kwa mwandishi anayeanza leo, tofauti hiyo ina faida kuliko sifa zote wanazopewa.

Mfanyabiashara na jasusi wake

Kufa na Kupona, riwaya ya kwanza ya Musiba, ilitoka mwaka 1974 kwa East African Literature Bureau. Willy Gamba, mpelelezi wa serikali, kijana mtanashati mwenye mkono mwepesi wa bastola na jicho jepesi kwa wanawake, anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Wengine walimwona Gamba kuwa James Bond aliyepakwa rangi. Tuhuma hiyo ina ukweli nusu. Vinywaji, magari na warembo vina harufu ya sinema, lakini woga uliomo kitabuni haukutoka sinemani. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi humo, na palipo na ofisi za wapigania uhuru hapakosi watu wa kuzichungulia. Februari 3, 1969, kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa humo humo mjini kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Msomaji wa 1974 hakuhitaji kuelezwa kwamba nyaraka huibwa na watu huuawa. Alikwisha kusoma habari hizo gazetini.

Kisha mambo yakabadilika upande wa uchapishaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Bureau, iliyokuwa chombo cha Jumuiya, haikupona. Ndiyo iliyokuwa imetoa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla mwaka 1960 na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965, vitabu vilivyoifungulia mlango hadithi ya upelelezi katika Kiswahili. Kikosi cha Kisasi, riwaya ya pili ya Musiba, ilitoka mwaka 1979 ikiwa imepoteza mlezi huyo. Mwandishi wa visa vya kusisimua alikuwa amebaki na njia chache: kumbembeleza mchapishaji aliyependelea vitabu vya shule, au kutafuta fedha na mashine kwa njia zake.

Kikosi cha Kisasi ina maana ya pekee kwa wasomaji wa Kongo, maana Willy Gamba anakuja kufanya kazi Kinshasa. Nchi hii, wakati ule Zaire, ikawa uwanja wa jasusi anayezungumza Kiswahili, akiwa upande wa Afrika dhidi ya wauaji wa wapigania uhuru. Ila alitua Kinshasa, jiji la Kilingala, na Lubumbashi inayozungumza Kiswahili hakuifikia. Msomaji wa Katanga anaruhusiwa kununa kidogo.

Baada ya hapo zikaja Kikomo, Njama, Hofu na Uchu. Ukizihesabu, si nyingi kwa mtu aliyefariki mwaka 2010, zaidi ya miaka 30 tangu kitabu chake cha kwanza. Sababu si ngumu kuiona. Musiba alikuwa mfanyabiashara, na si mdogo: alifika hadi kuwa rais wa Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo Tanzania (TCCIA). Chakula chake kilitoka kwingine. Willy Gamba alilipwa na serikali yake ya kubuni. Mtu aliyemwandika hakuwa na mshahara wa kuandika, wala hakuuhitaji.

Huo ndio uhuru wa aina ya kwanza. Mwandishi ana kazi nyingine, kwa hiyo hakuna mchapishaji wa kumharakisha wala njaa ya kumlazimisha amuue shujaa wake ili kitabu kiuzwe. Gharama yake ni muda. Mwenye biashara huandika usiku, au safarini, au Jumapili wengine wakipumzika, na miaka huweza kupita kati ya kitabu na kitabu. Wasomaji wa Gamba walijifunza kusubiri.

Mtu wa Kigoma

Ben Mtobwa alichagua njia ngumu zaidi. Alizaliwa Kigoma mwaka 1958, na alipofariki mwaka 2008 alikuwa ameacha rafu nzima ya vitabu: Pesa Zako Zinanuka, Salamu Toka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu?, Dar es Salaam Usiku, Najisikia Kuua Tena, Malaika wa Shetani, Roho ya Paka na vingine. Hakuwa na chemba ya biashara ya kuegemea. Maandishi ndiyo yaliyokuwa biashara yenyewe, na ili yabaki kuwa yake alianzisha kampuni ya uchapishaji, Heko Publishers, jijini Dar es Salaam.

Kigoma kwenyewe ni mahali pa kumfundisha mtu kwamba siri hupita majini usiku. Aprili 1965, Mtobwa akiwa bado mtoto mdogo, Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande huo na kikosi cha Wacuba kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki mwa Kongo. Wacuba hao walijipa majina ya kificho kwa kuhesabu kwa Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, mwingine akawa Mbili, na Che mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wao, akajificha nyuma ya Tatu.

Miaka 10 baadaye, Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa hilo kutoka ng'ambo na kuwateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, katika kituo cha Gombe ambako Jane Goodall alikuwa akichunguza sokwe. Watekaji walikuwa wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka 22 baadaye angekuwa rais wa nchi. Ngome ya PRP katika milima ya Fizi, Kivu Kusini, iliitwa Hewa Bora. Haina uhusiano na mtaa wa Lubumbashi. Ni jina lililopendwa tu, na hata shirika moja la ndege la Kongo liliwahi kulibeba. Lakini mwandishi wa ujasusi anayekaa mahali penye jina hilo amepewa bahati ambayo wengine wangeilipia.

Tofauti na Willy Gamba, Joram Kiango hana mwajiri. Ni mpelelezi wa kujitegemea, anayeingia na kutoka katika kesi za serikali kwa hiari yake, akimkera na kumwokoa Inspekta Kombora kwa zamu. Katika Tutarudi na Roho Zetu?, iliyotoka mwaka 1987, Joram na mwenzake Nuru wanaingia katika vita na utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini. Alama ya kuuliza iliyo kwenye jina la kitabu si kosa la mpiga chapa. Ni swali ambalo mtu anayekwenda kazi kama hiyo hujiuliza mlangoni. Mtobwa, ambaye naye hakuwa na mwajiri, alijua kidogo juu ya swali hilo.

Kumiliki kampuni yako hakumaanishi kukaa ofisini na kupokea wageni. Mchapishaji mdogo ndiye anayetafuta karatasi, anayebishana na kiwanda cha chapa kuhusu bei, anayekagua jalada, anayebeba mafurushi hadi kituo cha basi na kuyapeleka mikoani, kisha anapiga simu wiki tatu baadaye kuulizia fedha. Mtobwa alifanya uchapishaji na uandishi kwa pamoja, na bado vitabu vikatoka. Baadhi vilivuka mpaka na kuchapwa Nairobi na East African Educational Publishers, na Dar es Salaam Usiku ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Kwa mwandishi huru huo ni ushindi mkubwa: kwanza unajichapa, msomaji anakuthibitisha, halafu mchapishaji mkubwa anakuja kugonga hodi mlangoni kwako.

Wataalamu wa fasihi wakaziweka kazi hizi katika kapu la riwaya pendwa, neno lenye dharau ndani yake hata likitamkwa kwa heshima. Kwa miaka mingi hazikupewa nafasi darasani. Matokeo yake yalikuwa ya kifedha kabla hayajawa ya heshima, kwa kuwa Afrika Mashariki kitabu kinachoingia katika mtaala huuzwa maelfu kwa maelfu, na kisichoingia hubaki kumtegemea mtu mmoja mmoja anayetoa fedha mfukoni kwa sababu tu anataka kujua nani kamuua nani.

Nairobi ilikuwa na mtu wa aina hiyo hiyo, ingawa yeye aliandika kwa Kiingereza. David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, mwaka 1972, na kuuza vitabu vyembamba vya mapenzi, pombe na maisha ya mjini kwa wingi uliowashangaza wachapishaji wakubwa. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake. Kampuni haikufika mbali baada ya muongo huo. Ndipo Maillu, mwaka 1980, akamtoa jasusi wake Benni Kamba, wakala 009, katika The Equatorial Assignment, safari hii chini ya Macmillan, mchapishaji wa Kiingereza. Jasusi wa Afrika anayepambana na mabeberu aliingia sokoni akiwa amedhaminiwa London.

Hesabu ya kitabu kimoja

Uhuru wa mwandishi ukiuweka mezani kama mahesabu, hupungua utamu. Chukua mfano wa mwandishi anayetaka nakala 500. Kabla hajauza hata moja, amemlipa mhariri (au amemruka, na wasomaji watamsamehe mara moja tu), amemlipa mchora jalada na mpangaji wa kurasa, na ameweka malipo ya awali kiwandani. Nakala zikitoka zimejaa chumba cha kulala.

Madukani hazinunuliwi, huachwa kwa mali kauli. Muuzaji hukata sehemu yake nene, na hulipa zikiuzwa, tena akikumbuka. Ndugu na marafiki watachukua kadhaa wakiamini kuwa mwandishi wa ukoo hawezi kudai fedha kwa ndugu. Mwandishi akibahatika kuuza nakala 300 kwa fedha taslimu, amerudisha gharama na kupata nauli. Hapo hajalipwa hata senti kwa saa alizoandika.

Kisha huja mashine ya kudurufu. Riwaya ya kijasusi ina adhabu yake: kadiri inavyosisimua, ndivyo inavyoazimwa. Kitabu cha sala hakipiti mikono 20 kwa mwezi. Cha Joram Kiango kinaweza. Vitabu vya Mtobwa na Musiba vimeishi miaka mingi kwa namna hiyo, kwanza vikiwa nakala zilizochanika majalada, na sasa vikiwa mafaili ya simu yanayorushwa kutoka kundi hadi kundi, mara nyingi bila jina la mchapishaji na wakati mwingine bila jina la mwandishi. Msomaji anafurahi, na warithi hawaoni kitu. Palipo na kampuni kubwa, mwandishi akifa kampuni huendelea kuchapa. Palipo na kampuni ya mtu mmoja, mtu huyo akiondoka huondoka na ufunguo wa ghala.

Lakini aina hii ya uandishi ina faida moja ambayo mshairi hana. Shujaa hurudi. Msomaji aliyempenda Joram katika kitabu kimoja hukitafuta cha kabla na cha baada, na kila kitabu kipya huuza vya zamani. Ndiyo maana mwandishi anayekula kwa kalamu hulazimika kuandika haraka na mara kwa mara. Mfano uliopindukia ni wa Mfaransa Gérard de Villiers. Alianza mfululizo wake wa SAS mwaka 1965, akawa na chapa yenye jina lake mwenyewe, na kabla ya kufariki mwaka 2013 alikuwa amefikisha vitabu 200 vya shujaa yule yule, Malko Linge. Wakosoaji wa Paris hawakumpenda. Lakini alisafiri hadi mahali pa kisa, akanywa na majasusi halisi na wanadiplomasia, akarudi nyumbani akaandika. Mchanganyiko huo wa safari, masikio na kasi ulimtajirisha.

Wageni walikwisha kukaa mezani

De Villiers hakuisahau nchi hii: kitabu kimoja cha mfululizo wake kinaitwa Panique au Zaïre. John le Carré naye, aliyewahi kuwa jasusi kweli kabla ya kuwa mwandishi, alitoa The Mission Song mwaka 2006. Shujaa wake, Salvo, ni mtoto wa mmisionari wa Kiairishi na mama wa Kikongo, mkalimani anayeishi London na kusikiliza njama ya kuipora Kivu kwa sababu anajua Kiswahili na lugha nyingine za mashariki ambazo wala njama hawakudhani anazijua. Wazo zuri, na mtu wa Lubumbashi anaweza kuuliza kwa haki kwa nini ilibidi Mwingereza alifikirie.

Kwa upande wa historia, mkuu wa CIA mjini Kinshasa wa miaka ile, Larry Devlin, aliandika kumbukumbu zake, Chief of Station, Congo. Susan Williams akatoa Spies in the Congo mwaka 2016 kuhusu urani ya Shinkolobwe. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Watu ambao babu zao walichimba madini hayo hawawezi kuvisoma hivyo vilivyo, labda wavitafsiriwe.

Fedha si kikwazo pekee. Musiba na Mtobwa walikuwa na adui aliyekubalika na kila mtu. Mreno mkoloni na Kaburu wa Pretoria walikuwa maadui wa taifa zima, na kuwaandika vibaya ilikuwa uzalendo. Kisa cha Lubumbashi hakina starehe hiyo. Miongoni mwa waliohusika na usiku ule wa Januari 1961 kulikuwa na Wabelgiji, na kulikuwa na Wakatanga. Ukoo wa mtu hauishi kama ubalozi ulioondoka. Unaishi mtaani, unakwenda kanisa lile lile. Mwandishi huru, asiye na mchapishaji wa kusimama mbele yake wala wakili wa kampuni, atabeba jambo hilo peke yake pia. Ndiyo kazi ya ubunifu: kubadili majina, kuhamisha nyumba, kuchanganya watu wawili wawe mmoja. Lakini katika jiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, kuficha ni ufundi kuliko kufichua.

Kwa Kiswahili kipi?

Lubumbashi ina utamaduni wake wa kujiandika bila ruhusa ya mtu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia ya Elisabethville tangu wakoloni walipoingia, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa majumbani. Maandishi hayo, yajulikanayo kwa jina la Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, yalichapwa kwa mashine ya ofisini tu, na yangepotea kama msomi Johannes Fabian asingeyachapisha na kuyaeleza mwaka 1990. Watumishi wa majumbani! Fikiria aliyekuwa akipita na sinia wakati mabwana wakizungumza mezani. Hakuna jasusi aliyekaa pazuri zaidi.

Yav aliandika jinsi mji ulivyozungumza. Mwandishi wa leo ana uamuzi mzito zaidi, maana wasomaji wengi wa riwaya za Kiswahili wako Tanzania na Kenya. Katika jiji hili watu hutenganisha lugha yao ya kila siku na kile wanachokiita Kiswahili bora, cha kanisani na vitabuni. Akiandika chote kwa lugha ya mtaani, ambamo watu ni batu na anayetafutwa huuliziwa kwa "Eko wapi?", msomaji wa Tanga atakwama ukurasa wa pili. Akiandika chote kwa Kiswahili bora, dereva wa teksi wa Hewa Bora atazungumza kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam, na msomaji wa nyumbani atacheka mahali pasipo na kichekesho.

Njia iliyo rahisi ni masimulizi ya Kiswahili sanifu na mazungumzo ya mji. Na kwa kisa cha kijasusi hapo kuna zawadi: lugha yenyewe ni kitambulisho. Mgeni anayejifanya mzaliwa wa Katanga atasema "Yuko wapi?" mara moja tu, kwa mazoea ya darasani, na muuza mkate aliye mbele yake atakuwa amekwisha kumjua.

Simu imempunguzia mwandishi gharama ya kiwanda cha chapa. Waandishi wa hadithi za kusisimua Afrika Mashariki wamezoea kuzitoa vipande vipande mtandaoni na katika makundi ya WhatsApp, kama magazeti yalivyokuwa yakifanya, na wasomaji hulipia kwa simu ili waendelee. Sehemu za mwanzo hutolewa bure, na kipande hukatwa mlango unapofunguka. Kutoka Lubumbashi kipande kinafika Mwanza kabla maji ya chai hayajachemka. Fedha ya msomaji wa Mwanza inatoka kwa shilingi na inatakiwa kufika kwa faranga za Kongo au dola, ikipitia makato ya pande mbili, kwa kiasi kidogo ambacho makato yanaweza kukimeza chote. Kwa hiyo mwandishi hutafuta mtu wa kumwamini upande wa pili wa mpaka, mmoja wa kukusanya, anayejulikana kwa namba ya simu tu, na kumtumia hesabu kila mwisho wa mwezi.